Steki ya Swichi: Anwani Idumu au Ifuate Swichi Kuu?

Fundi anapofunga swichi za mtandao za Cisco Catalyst 3750 kwa kebo za nyuma zikawa steki moja, ambayo inaweza kufikia swichi 9, hutarajia mambo mawili: mzigo ugawanyike katika viungo vinavyotoka swichi tofauti, na kufa kwa swichi moja kusiuangushe mtandao. Kwa maoni yangu, yote mawili yanategemea uamuzi ambao wengi huuacha kama ulivyotoka kiwandani, yaani anwani ya MAC (namba inayotambulisha kifaa mtandaoni) itakayotumika swichi kuu, ile inayoongoza steki, ikizimika.

Steki nzima hujitambulisha kwa anwani ya swichi kuu. Katika 3750 isiyosanidiwa, swichi kuu ikizimika nyingine hushika nafasi yake na anwani hubadilika papo hapo. Kompyuta zilizoizoea anwani ya zamani kama lango lao hulazimika kujifunza mpya, na kitambulisho cha steki katika STP, itifaki inayozuia data kuzunguka bila mwisho mtandaoni, hubadilika pia. Linalosahaulika zaidi ni LACP, itifaki inayofunga viungo kadhaa vikaonekana kimoja, kwani nayo humtambua mwenzake kwa anwani hiyohiyo. Seva iliyounganishwa na swichi mbili za steki, ambayo ilipaswa kuendelea kwa waya uliosalia, huona mwenzake amekuwa mwingine na huanza mapatano upya. Waya wa akiba ulionunuliwa kwa ajili ya siku hiyo huyumba siku hiyohiyo.

Dawa ni amri ya stack-mac persistent timer, na hapa ndipo mafundi wanapotofautiana. Ikiandikwa bila namba, anwani ya zamani hudumu kwa dakika 4. Ikiandikwa na 0, hudumu bila kikomo.

Wanaopendelea kikomo wana hoja nzito. Swichi kuu ikitolewa ikafungwa ghorofa nyingine ya mtandao uleule, ilhali steki inaendelea kutumia anwani yake, anwani moja itaonekana mahali pawili na pakiti, yaani vipande vya data, zitapotea kwa vipindi visivyotabirika. Kosa hilo ni gumu kulisaka, hasa ikiwa aliyeihamisha swichi hakuandika popote.

Hata hivyo, tuangalie kinachotokea ndani ya dakika hizo 4. Swichi kuu ikirejea kwa wakati, steki huendelea na anwani ya swichi hiyo hata kama swichi yenyewe sasa imerudi kuwa mwanachama tu. Lakini kuwaka kwenyewe hula dakika kadhaa, kwa hiyo nafasi ni finyu. Iliyoungua haitarejea kabisa, na msukosuko utakuja dakika ya nne, pengine fundi akiwa ameshamwambia mkubwa wake kwamba mambo yametulia. Kikomo hicho huahirisha tatizo bila kuliondoa.

Ndiyo maana mimi ningeweka 0, kwa sharti kwamba swichi iliyotolewa isirudi katika mtandao huo kabla anwani ya steki haijabadilishwa katika saa iliyopangwa. Ofisi inayohamisha vifaa kiholela ibaki na kikomo, lakini ikirefushe. Amri hiyo inakubali hadi dakika 60.

Katika kugawa mzigo pia, anwani ina neno. Kwa kawaida 3750 huchagua kiungo kwa kuangalia MAC ya mtumaji, na kila pakiti iliyopitia ruta hubeba MAC ya ruta, hivyo data yote ya nje inaweza kumiminika kwenye waya mmoja huku mwingine ukilala. Amri ya port-channel load-balance src-dst-ip husaidia, kwani hutumia anwani za IP za pande zote mbili. Lakini mawasiliano ya mashine mbili zilezile bado yatapita waya mmoja, ili pakiti zisifike kwa mpangilio uliovurugika. Nakala rudufu kati ya seva mbili haitavuka Gbps 1 (gigabiti moja kwa sekunde) kwa sababu tu kuna waya mbili za Gbps 1. Tena kila upande huchagua njia ya pakiti unazotuma wenyewe, kwa hiyo kubadilisha amri kwenye steki pekee hakugusi zile zinazoingia kutoka kwa seva.