Mwamba ngoma na kiraka cha sikio

Kila mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Msemo huu nilidhani ni wa wanasiasa, hadi ngoma ya sikio langu ilipotoboka. Daktari wa kwanza aliiziba kwa fashia, ule utando mweupe unaofunika msuli wa panja. Kiraka kikatoboka. Wa pili akatumia gegedu alilolikata kwenye sikio hilohilo, ile tishu ngumu inayolipa sikio umbo lake. Kila mmoja aliisifu ngozi yake.

Fashia si ya kubezwa. Wajerumani Wullstein na Zöllner, walioanzisha upasuaji huu wa kisasa miaka ya 1950, walianza kwa kupandikiza ngozi, nayo ikawa inabambuka na kutunga usaha humo ndani. Fashia haina balaa hilo. Tena daktari akishapasua nyuma ya sikio anaikuta papo hapo, nyembamba, na inavumilia njaa mpaka mishipa mipya ya damu iifikie.

Udhaifu wake ni ulaini. Ule mrija unaopitisha hewa kutoka nyuma ya pua hadi sikio la kati ukiziba, hewa ya ndani hupungua na kiraka huvutwa ndani, kikanywea. Gegedu ni kaidi, halivutiki kirahisi.

Ila kitu kigumu kitatetemekaje? Nilimuuliza daktari wa pili swali hilo mara tatu, masikini. Ngoma ya asili ina unene wa takriban milimita 0.1 tu, kwa hiyo wapasuaji wengi hulichonga gegedu hadi karibu nusu milimita. Tafiti zilizolinganisha usikivu wa wagonjwa wa fashia na wa gegedu hazikuona tofauti kubwa. Kinachonitia wasiwasi mimi ni kwamba gegedu halipitishi mwanga: ugonjwa ukiota nyuma yake, daktari akichungulia hauoni.

Hata hivyo, kwa tundu kubwa, sikio lililotoa usaha miaka mingi, au kiraka kilichokwisha kufeli, mimi nachagua gegedu bila kusita. Tundu dogo kwenye sikio kavu liachiwe fashia, au hata kipande cha mafuta ya ndewe. Kumwekea kila mgonjwa kitu kilekile kwa sababu mkono umekizoea ndiko kunakoniudhi.

Yule wa kwanza hakuniuliza kama pua yangu huziba. Huziba kila masika, tangu utotoni.