Barry Letts: sikio la mwigizaji kwenye kiti cha mtayarishaji

Mwaka 1974 BBC ilikuwa inatafuta mtu wa kushika nafasi ya Jon Pertwee katika Doctor Who, tamthilia ya televisheni ya hadithi za kisayansi ambayo mhusika wake mkuu, Doctor, huchezwa na waigizaji tofauti kwa zamu. Mtayarishaji, Barry Letts, alikwenda sinema kumtazama Tom Baker akicheza mchawi mwovu katika filamu ya Sinbad. Baker wakati huo alikuwa kibarua wa ujenzi. Akachukuliwa, na akakaa miaka saba.

Wanaomsifu Letts huanzia hapo, wala hawakosei. Yeye mwenyewe alikuwa mwigizaji tangu miaka ya 1940, akaonekana katika filamu ya Scott of the Antarctic (1948), ndipo mwaka 1967 akageukia kuongoza. Aliwajua waigizaji kwa undani. William Hartnell, Doctor wa kwanza, alipoitwa tena kwa ajili ya The Three Doctors, hadithi ya tamthilia hiyo, alikuwa mgonjwa na kumbukumbu imemtupa mkono. Wengine wangemwacha nyumbani. Letts alimkalisha kitini, maneno yakaandikwa kwenye kadi, naye akaingizwa hadithini kama sura ndani ya skrini. Ukitazama kwa makini utayaona macho yake yakifuata kadi.

Ajabu ni kwamba mtu huyohuyo aliwasimamisha waigizaji mbele ya pazia la rangi moja, wazungumze na hewa. Alikuwa mpenzi mkubwa wa mbinu ya kuifuta rangi ile kwa umeme na kubandika picha nyingine mahali pake. Katika hadithi ya Terror of the Autons (1971), aliyoiongoza mwenyewe, hata jiko la nyumbani ni picha ya kubandika. Jiko! Kingo za nywele zinametameta kama zinataka kushika moto. Watetezi wake husema bajeti ilikuwa finyu, na kweli alijua kubana: alipanga sehemu mbili zirekodiwe pamoja kila wiki mbili ili seti zisijengwe na kubomolewa ovyo. Nakubali hoja ya bajeti kwa kitu kama dinosaria. Kwa jiko, sikubali.

Lawama nzito zaidi kwangu ni ya Liz Shaw, mhusika mwanasayansi aliyeondolewa mwaka 1970 kwa kuonekana msomi mno kuwa msaidizi wa Doctor. Hapo sikio la mwigizaji lilimponza. Onyesho linahitaji mmoja asiyejua, ili mwingine apate la kueleza. Akaletwa Jo Grant, binti mchangamfu wa kuuliza maswali. Watazamaji walimpenda, nami pia, ila mwanamke aliyeelewa fizikia ndiye aliyelipia gharama.

Letts alikuja kulitatua hilo kabla hajaondoka. Mwishoni mwa 1973 aliingia Sarah Jane Smith, aliyechezwa na Elisabeth Sladen. Huyu naye aliuliza maswali kutwa, lakini alikuwa mwandishi wa habari, na kuuliza ndiyo kazi yake.