Wazungu nao wana vyakula wanavyovionea haya

Nyumbani tukisikia sandwichi tunasema hicho chakula cha Wazungu, tukidhani wao wanaienzi kama sisi tunavyoenzi pilau. Mimi nimekaa Leeds, kaskazini ya Uingereza, miaka ya kutosha kusema si hivyo. Sandwichi zao za asili wamezitupa wenyewe. Aliyebaki akizikumbuka ni mzee wa miaka tisini na ushei, na anayemsikiliza ni mtu wa Unguja, maana kazi iliyonipa riziki huku ni kulea wazee.

Katika nyumba za wazee, chakula cha jioni mara nyingi ni sandwichi: jibini, yai, samaki wa kopo, zimekatwa pembe tatu na maganda yameondolewa. Wazee wanakula, hawana ubishi. Lakini waache wazungumze. Utasikia wakitaja ulimi wa ng'ombe uliopoa ukakatwa vipande vyembamba. Utasikia nyama iliyopikwa ikalainika, ikapondwa na siagi na kushindiliwa kwenye kibakuli. Na zaidi ya yote utasikia mkate na mafuta ya nyama.

Hayo mafuta yana ufundi wake. Jumapili nyama ya ng'ombe ilipookwa, mafuta yaliyochuruzika yalimiminwa bakulini na kuachwa yagande. Juu yanakuwa meupe, chini unakaa mchuzi wa hudhurungi unaotetemeka. Anayejua huchota mpaka chini apate vyote viwili, hupaka kwenye mkate, hunyunyiza chumvi. Jumatatu mtoto anaondoka nao kwenda skuli. Mtu aliyekua akigombania ukoko na mchuzi wa jana hahitaji kuelezwa zaidi hapo.

Wengi wao walikuwa watoto wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Siagi iliingia kwenye mgao Januari 1940, na mgao wa nyama haukuondolewa mpaka Julai 1954. Mwishoni mwa 1940 serikali ilisimamisha kabisa kuingiza ndizi nchini, kwa hiyo akina mama walichemsha parsnip, mzizi mweupe mfano wa karoti, wakauponda, wakatia arki ya ndizi, wakawapa watoto ndani ya mkate na kuwaambia hii ndiyo ndizi. Mzee akinihadithia haya huku mimi nakumbuka mikungu ya ndizi inayoiva kwa wingi pale soko la Darajani, Unguja, hadi inakosa mnunuzi, sijui nicheke au nimpe pole.

Sasa, vimepoteaje? Watu husema ladha zimebadilika. Mimi siafiki. Ulimi unataka kulazwa kwenye maji ya chumvi siku kadhaa, uchemshwe saa nyingi, umenywe ngozi ungali moto, ukunjwe ndani ya chombo na kuwekewa kitu kizito juu ulale hivyo usiku kucha. Nani atafanya hayo wakati duka linakuuzia mkate uliokwisha jazwa na kufungwa? Marks & Spencer, kampuni kubwa ya maduka ya Uingereza, ndio waliofungua njia hiyo madukani mwaka 1980, na wao asili yao ni kibanda alichofungua Michael Marks mwaka 1884 katika soko la Kirkgate, hapa hapa Leeds. Yaani waliotoka sokoni ndio waliotufundisha tusiende sokoni. Miaka ya 1990 ikaja hofu ya kichaa cha ng'ombe, na madaktari nao walishaanza kuwaonya watu juu ya mafuta ya mnyama. Kila kimoja kilichukua chake.

Lakini sababu kubwa nimeisikia kwa masikio yangu. Bibi mmoja alikuwa akinisimulia mkate wake na mafuta, macho yanang'aa, binti yake aliyekuja kumtembelea akamkata kauli: "Mama, hicho kilikuwa chakula cha shida." Bibi akanyamaza. Binti hakuwa na ubaya, alitaka tu mimi mgeni nisidhani kwao walikuwa mafukara. Nilimwelewa sana, kwa sababu maneno hayo hayo nimeyasikia kwa Kiswahili.

Na kuna kichekesho hapa. Ukitaka ulimi mzima wa ng'ombe Leeds, usihangaike na supamaketi. Nenda mtaa wa Harehills, kwenye mabucha ya halali. Utauona umelala kwenye barafu pamoja na utumbo na kwato, na waliopanga foleni ni Wapakistani, Waarabu, Wasomali na sisi wa pwani. Nyama iliyokuwa fahari ya meza ya Mwingereza sasa inalindwa na wageni. Mimi huuchemsha kwa tangawizi na ndimu, nikaumenya, na siku ya pili asubuhi naukata mwembamba na kuuweka kwenye mkate na haradali kali, kama wazee walivyonielekeza. Mtamu, wallahi. Kuwapelekea siwezi, masharti ya kazi hayaruhusu chakula kutoka nje. Wananiuliza ulimi ulitokaje, nawasimulia.

Msinielewe vibaya, si kila kitu kirudi. Ile ndizi ya parsnip iende na vita vyake. Na mkate na mafuta kila siku moyo utakataa.

Ninachokiogopa ni kwetu. Ulizeni mkate wa mofa nyumba ngapi mjini unapikwa siku ya kawaida. Mgeni akija asubuhi anawekewa slesi za kwenye mfuko na jamu, muhogo wa nazi unafichwa jikoni kwa ajili ya wenye nyumba. Bi mkubwa wangu mwenyewe, niliporudi likizo, alinitandikia meza ya slesi na mayai ya kukaanga, ati nimezoea Ulaya. Muhogo niliufuata mwenyewe jikoni, nikaula nimesimama. Hotelini Mji Mkongwe ndiyo usiseme: sandwichi ya ghorofa tatu iliyochomwa vijiti isianguke, chipsi pembeni, bei ya kumtoa mtu machozi. Nje ya mlango huo huo kuna mwenye jiko la mkaa, anapasua boflo ubavuni, anaibana mishikaki kwa mkate wenyewe na kuchomoa kijiti, anamimina ukwaju na pilipili, nyama bado inalia. Hiyo nayo ni sandwichi, na kwa mdomo wangu inaishinda ya hotelini mbali sana. Haimo kwenye menyu yoyote niliyopewa pale mjini.

Mdogo wangu anataka kufungua mkahawa huko. Ameniletea orodha ya vyakula kwa simu nimsaidie kuisahihisha: mikate ya parachichi, baga, sandwichi ya kuku na mayonezi. Nikamuuliza boflo la mishikaki liko wapi. Akacheka. "Kaka, nani atakaa kwenye kiti alipie kitu cha barabarani?"

Nikamtumia picha ya menyu ya mkahawa mmoja wa vijana hapa mjini, wale wenye taa za kuning'inia na kahawa ya bei mbaya. Mstari wa kwanza kabisa: mkate na mafuta ya ng'ombe yenye chumvi ya bahari. Kile kile cha shida cha yule bibi, na kwa bei hiyo yeye alipokuwa mtoto wangekula wiki. Wanaokilipia ni wajukuu, hawana habari kwamba bibi zao walifundishwa kukionea haya. Mdogo wangu ameniuliza jambo moja tu: hayo mafuta wanayapaka mazito kiasi gani?