Umefanya kazi, halafu unaandika hujawahi kufanya kazi

Mimi niko kwenye mambo ya kliaringi, yaani kushughulikia makaratasi ya forodha ya mizigo, ofisi ndogo tu pale Malaba, Uganda, mpakani na Kenya, na kila tukitangaza nafasi ya karani mimi ni mmoja wa wale wanaobaki jioni kusoma maombi. Jamani. Mchapakazi, najituma, naweza kufanya kazi kwenye presha, napenda kujifunza vitu vipya, zote Kiingereza kile kile, hata pale kosa la spelingi lilipo liko mahali pamoja kwenye CV sita, unajua kabisa hawa wametoka kibanda kimoja cha kuchapa na fotokopi, yule dada wa pale ana CV moja kwenye kompyuta anabadilisha jina na namba ya simu tu, mchezo umeisha.

Sasa mwite mmoja aje. Anakaa, unamuuliza tangu umalize S6, mwaka wa mwisho wa sekondari, umekuwa ukifanya nini, anaangalia viatu anasema nilikuwa tu nyumbani bosi. Msukume kidogo. Kumbe alikuwa anakaa kwenye kibanda cha mobile money cha shangazi yake, zaidi ya mwaka mzima, anafungua asubuhi anafunga usiku, ameshika floti, yaani pesa ya kuzungushia biashara, ya MTN na ya Airtel, jioni anapiga hesabu keshi na salio vikutane, na ikipungua ni yeye wa kujibu. Hiyo si kazi? Mtu aliyeshika pesa ya mwingine kila siku na ikabaki kamili mimi namtaka kuliko yule wa diploma aliyemaliza internship akitumwa chai (msinikasirikie, mnajua mlivyokuwa mnatumwa chai). Lakini kwenye CV yake hakuna hata neno moja la kibanda.

Nadhani ni aibu. Tumelelewa tukiambiwa kazi ni meza na kitambulisho shingoni, hivyo aliyeuza nguo soko la Owino, aliyepakia mizigo kwenye maduka ya jumla ya Kikuubo, Kampala, aliyeweka vitabu vya SACCO, chama cha akiba na mikopo, ya kina mama wa mtaani, aliyefundisha watoto wa jirani likizo nzima, wote wanaandika kwamba hawana uzoefu halafu ule mstari wanaujaza na mambo ya kupenda mpira na kusafiri. Kusafiri wapi na nauli hakuna!

Andika kile kibanda. Andika kama mtu anayejua alichokuwa anafanya: mhudumu wa mobile money, Tororo, kutoka mwezi fulani mpaka mwezi fulani, nilikuwa natoa na kuweka pesa za wateja, nasimamia floti ya mitandao miwili, nafunga hesabu kila jioni na kumpa mwenye biashara ripoti. Ukijua kwa siku ulikuwa unahudumia wateja wangapi weka namba, lakini weka ile unayoweza kuitetea, kwa sababu mimi nikiona namba ndiyo nitaanza nayo. Nitakuuliza floti ilikuwa shilingi ngapi, ikiisha saa nne asubuhi na watu wamepanga mstari mlikuwa mnafanya nini, na mteja akituma pesa kwa namba isiyo sahihi akarudi anapiga kelele ulimwambia nini. Aliyeifanya hiyo kazi hahitaji kukariri, atacheka kwanza halafu ataanza kusimulia, na hapo ndipo intavyuu inapoanza kuwa tamu.

Kuna kitu kingine ambacho vijana wengi hawakijui. Sheria ya Ajira ya 2006 inasema kazi ikiisha, mfanyakazi akiomba, mwajiri anatakiwa kumpa cheti cha utumishi, kikionyesha ulikuwa unafanya kazi gani na kwa muda gani. Ukiomba. Wengi wanatoka kimya kimya, au wanatoka kwa hasira, baada ya miaka miwili wanatafuta karatasi na duka lilishafungwa, mwenye duka amehamia Juba. Omba wiki ile ile unayoondoka. Kama ni kwa shangazi na hakuna hata muhuri, basi karatasi aliyoandika kwa mkono, jina lake, namba ya simu, tarehe, sahihi. Mimi naipokea na nampigia.

Na tafadhali usikimbilie Nasser Road, ule mtaa wa wachapaji kule Kampala. Wale wanaochapa kadi za harusi na kalenda kwa halali wanisamehe, lakini Uganda nzima inajua mtu akisema cheti chake kimetoka Nasser Road anamaanisha ni cha kughushi. UNEB, baraza la mitihani la Uganda, wana huduma ya kuhakiki matokeo, mwajiri akipeleka jina na namba ya mtihani jibu linarudi, na hapo kazi imekwenda na jina lako limekwenda, na mji kama wetu ni mdogo sana, maofisi yote ya kliaringi yanaongea.

Vya kutoa kwenye CV ni vingi kuliko vya kuongeza. Dini yako, kabila, jina la baba, umeoa hujaoa, matokeo ya P7 (darasa la saba), toa. Fomu za serikali ni hadithi nyingine, ukiomba kazi wilayani jaza kile fomu inachouliza na nakala zote wanazotaka, usibishane na fomu. Lakini kwa kampuni ya watu binafsi kurasa mbili zinatosha, na kwa mtu wa miaka ishirini na mbili hata moja.

Marefarii nao, wale watu wa kukushuhudia. Kila mtu anaweka chairman wa LC1 (mwenyekiti wa kijiji), padri au shehe, na mwalimu mkuu. Sawa, lakini waambie! Nimeshapiga simu mzee akaniuliza huyo ni mtoto wa nani. Afadhali umweke yule mwenye duka ulilofanyia kazi, hata kama hana cheo chochote, yeye alikuona ukifanya kazi.

Halafu lugha. Hapa ndipo nashangaa zaidi, watu wanaandika Kiingereza, Luganda, Lusamia, Ateso, na Kiswahili wanakiruka, na wamekulia Busia! Nawaelewa kidogo, wazee wengi hasa kule Buganda walikisikia zamani kwenye mdomo wa askari mwenye bunduki na ladha hiyo haijatoka. Lakini katiba ilifanyiwa marekebisho 2005 Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili, mwaka 2022 baraza la mawaziri likapitisha kifundishwe mashuleni kwa lazima, na ukiacha makaratasi yote hayo, dereva aliyeendesha trela kutoka Mombasa hatakuongelesha Luganda. Kwenye ofisi yetu hilo ni nusu ya kazi. Andika kama unaongea tu au unaandika pia, maana katikati ya intavyuu tunabadilisha lugha bila kukuonya na wengine hapo wanaganda.

Swali la kwanza karibu kila mahali ni tuambie kuhusu wewe, na watu wanaanza nilizaliwa kwenye familia ya watoto tisa. Pole, lakini hatukuuliza hivyo. Sema umesoma nini, umefanya nini kwa mikono yako, na kwa nini hiyo inaingiana na kazi tuliyotangaza, dakika moja na nusu umemaliza. Ijaribu kwa sauti, siyo kichwani, mtafute mjomba au dada mkubwa yule anayekata watu maneno, mwambie akukate. Sisi huwa tunauliza mambo ya kazi yenyewe, mfano lori limefika usiku, dokumenti moja haipo, dereva anataka kulala na mwenye mzigo anapiga simu kila baada ya dakika tano, unaanza na nani? Hakuna jibu moja. Tunataka kusikia unavyofikiri, na kusikia kama utasema ungemuuliza mkubwa wako, ambalo ni jibu zuri ingawa vijana wanaona ni la udhaifu.

Kabla ya siku yenyewe pita pale kwenye ofisi. Salimia askari wa getini, uliza wanashughulika na nini hasa, wateja wao ni akina nani. Utajua mengi kuliko yale ya kwenye intaneti, na kesho yake huyo askari atakukumbuka. Nguo safi tu, shati la mtumba lililopigwa pasi halina shida na mtu. Na ukiambiwa lipa pesa ya fomu au ya kumwona bosi, geuka urudi nyumbani.

Mwisho watakuuliza unataka mshahara kiasi gani, na hapa watu wanasema chochote mtakachonipa. Usiseme hivyo, hasa Uganda, maana kima cha chini kilichopo kisheria ni kile cha 1984, shilingi 6,000 kwa mwezi, bei ya rolex (chapati iliyokunjwa na mayai) mbili au tatu, na mswada wa kukibadilisha ulipita bungeni 2019 lakini rais akakataa kuusaini. Hakuna wa kukulinda kwenye hiyo namba. Uliza wawili watatu wanaofanya kazi kama hiyo mji ule ule wanapata ngapi, ongeza nauli na chakula, uende na namba ya chini usiyoishuka na ya juu unayoitamka. Wakikupa yao uliza kama ni kabla ya makato au baada, kwa sababu NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, wewe unakatwa 5% na mwajiri anaweka 10% yake, na tangu sheria ibadilishwe 2022 hata mwenye mfanyakazi mmoja anatakiwa kuchangia. Maofisi madogo huwa yanaguna yakiulizwa hilo. Uliza tu.