Chembe za Fedha Zirefushe Maisha ya Balbu Kwanza

Juzi balbu ya LED ya jikoni ilizimika, nikaipeleka kwa fundi Luthuli. Alipoifungua tukaona kibao cha alumini chenye vijitaa 12 vya manjano, vimefuatana kama shanga uzini. Kimoja kilikuwa na doa jeusi katikati, dogo kama kichwa cha pini. Hicho kimoja tu kiliponyima wenzake stima, balbu nzima ikafa. Fundi akakiruka kwa tone la lehemu, ikawaka.

Doa lile ni kazi ya joto. Ndani ya kijitaa nishati ya elektroni ama hutoka ikiwa nuru, ama hupotea ikawa joto. Wanasayansi wamegundua kwamba madini ya fedha yakiwekwa karibu sana na mahali nuru inapozaliwa, elektroni zake huchezacheza kwa pamoja na kuipokea nishati ile kabla haijapotea, kisha fedha yenyewe ikaitoa kama nuru. Mwaka 2004 Koichi Okamoto na wenzake waliweka utando wa fedha umbali wa nanomita 10 tu (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita) juu ya tabaka linalotoa nuru ya buluu. Nuru ikaongezeka mara 14. Kwa alumini ilikuwa mara 8. Dhahabu, pamoja na bei yake yote, haikuongeza kitu.

Hiyo mara 14 isitupumbaze. Ilipimwa kwa kumulika tabaka hilo kwa leza, si kwa kulipitishia umeme, tena tabaka lenyewe lilikuwa linapoteza nuru nyingi. Kijitaa bora cha buluu cha leo hugeuza zaidi ya nusu ya umeme wake kuwa nuru. Utakizidishaje mara 14?

Kinachonivutia mimi ni jaribio la mwaka 2020 kwenye taa za LED za ogani, yaani zilizoundwa kwa kemikali za kaboni, zile za vioo vya simu. Vijichemraba vya fedha viliwekwa viokoe nishati ambayo ingemezwa na elektrodi, yaani bamba la metali linalopitisha umeme, na kwa mwangaza uleule taa ikadumu mara mbili zaidi. Hilo ndilo ningependa litufikie. Nairobi hatulii giza la balbu. Mpya zote zinang'aa. Tunalia kununua nyingine kila baada ya miezi michache, na zile zilizokufa tunazitupa jaani pamoja na alumini yake nzima.

Balbu yangu ingali inawaka jikoni, kwa vijitaa 11.