Barabara Pana, Marafiki Wachache

Mwishoni mwa miaka ya 1960, mtaalamu wa mipango miji Donald Appleyard aliichunguza mitaa mitatu ya makazi huko San Francisco, Marekani. Mitaa hiyo ilifanana kwa mengi, ila magari. Mmoja ulipitiwa na magari kama 2,000 kwa siku, wa pili 8,000, wa tatu karibu 16,000. Wakazi wa mtaa mtulivu walikuwa na wastani wa marafiki watatu kila mmoja palepale mtaani. Kwenye mtaa wa magari mengi, wastani haukufika hata rafiki mmoja.

Hakuna aliyewakataza watu hao kufahamiana. Ila kelele zilizidi, moshi ukawa unaingia ndani, na mzazi hakuthubutu kumwacha mtoto acheze mbele ya nyumba. Watu wakaacha kukaa nje. Na ujirani hauwekewi miadi: huanza kwa salamu ya mlangoni, kisha kuulizana hali, kisha siku moja unaazima ngazi na kukaribishwa ndani. Ukiiondoa ile hatua ya kwanza, zinazofuata hazina pa kuanzia. Appleyard aliwauliza pia ni wapi wanapopahesabu kuwa kwao. Wa mtaa mtulivu waliutaja mtaa mzima. Wa mtaa wenye vurugu waliishia kwenye jengo lao, na wengine kwenye mlango wao tu.

Ndiyo maana sikubali upanuzi wa barabara uitwe maendeleo kabla hatujaambiwa unapita mbele ya milango ya nani. Wahandisi huhesabu magari kwa saa, na wanajua sana kuyahesabu. Hasara ya wanaoishi kando ya barabara haina safu kwenye majedwali yao, kwa hiyo inachukuliwa kama haipo.

Wapo watakaosema furaha inatokana na kipato, afya na familia, si na mchoro wa mtaa. Lakini mchoro unayagusa yote matatu. Wachumi Alois Stutzer na Bruno Frey walitazama takwimu za Ujerumani wakakuta kwamba kadiri safari ya kwenda kazini inavyorefuka, ndivyo watu wanavyoridhika kidogo na maisha yao. Kwa hesabu ya kiuchumi, anayekubali safari ndefu anafidiwa na mshahara mnono au nyumba nafuu. Fidia hiyo haikuonekana kwenye majibu ya watu. Muda wa kukaa na watoto unabaki kwenye foleni, na aliyeamua makazi yawe huku na ajira ziwe kule hayumo ndani ya basi.

Kuhusu majengo yenyewe, nina tahadhari zaidi. Mfano unaotajwa sana ni Pruitt-Igoe, mradi wa nyumba za umma huko St. Louis, Marekani: majengo 33 ya ghorofa 11 yaliyokamilika katikati ya miaka ya 1950. Msanifu wake, Minoru Yamasaki, aliweka korido pana ili majirani wakutane na watoto wapate pa kuchezea. Lifti zilisimama kwenye baadhi ya ghorofa tu, hivyo wengi walilazimika kumalizia safari kwa ngazi. Kwenye karatasi, korido pana ni ukarimu. Ila korido hizo hazikuwa za mtu, na ngazi zikawa mahali pa kuogopwa. Ubomoaji ulianza mwaka 1972. Wengi huishia hapo na kumtupia msanifu lawama zote, na hapo ndipo ninapopingana nao. Matengenezo yalitegemea kodi ya wapangaji, mji ukawa unapoteza watu, nyumba zikabaki tupu, fedha zikakauka, lifti zikaharibika. Jengo lisilo na bajeti ya matunzo linawatesa wakazi wake hata likichorwa na bingwa. Ukiniuliza kipi kitangulie, sura nzuri au fundi wa lifti, nitamchagua fundi.

Hilo halinifanyi nidharau kile ambacho jicho linakiona. Mwaka 1984 mtafiti Roger Ulrich alichapisha utafiti juu ya wagonjwa waliopasuliwa kibofu cha nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania. Waliokuwa na dirisha linalotazama miti waliruhusiwa mapema kidogo, tofauti isiyofika siku nzima, na wakahitaji dozi chache za dawa kali za maumivu kuliko waliotazama ukuta wa matofali. Wagonjwa walikuwa 46 tu, kwa hiyo nisingejenga nadharia nzima juu yao. Ila sioni sababu ya kumlaza mgonjwa mbele ya ukuta pale ambapo dirisha lingeweza kuelekea mtini.

Jibu la kila mara ni kwamba fedha hazitoshi. Bogotá, mji mkuu wa Kolombia, ulioanza jambo hili mwaka 1974, hufunga baadhi ya barabara zake kubwa kwa magari kila Jumapili hadi saa nane mchana, watu wakatembea na kuendesha baiskeli. Lami ni ileile. Copenhagen, mji mkuu wa Denmark, iliondoa magari kwenye mtaa wa Strøget mwaka 1962, kwanza kwa majaribio, huku wenye maduka wakihofia kukimbiwa na wateja. Mtaa huo umejaa wanunuzi hadi leo.

Kilicho adimu ni utayari wa kumfanya mwenye gari asubiri. Angalia daraja la waenda kwa miguu juu ya barabara kubwa. Hujengwa kwa gharama, husifiwa kuwa ni usalama, na humtaka mzee mwenye magoti mabovu apande ngazi hadi juu na kuzishuka ng'ambo ili gari lisipunguze mwendo. Kivuko chenye taa kingemvusha akiwa chini, na gari lingesimama kwa muda usiozidi dakika moja. Nataka wanaoidhinisha madaraja hayo wayapande wenyewe wakiwa na mzigo mkononi, kabla ya kutia sahihi.