Shimo la Mhanga na Fomu ya Mtaalamu

Kijiji chetu kiko wilayani Sikonge, mkoani Tabora, na eneo ninalolisimulia hapa lilikuwa mashamba ya tumbaku kabla ya mkutano mkuu wa kijiji kuamua kwamba lipumzike. Anayeijua tumbaku anajua kwamba haichoshi udongo peke yake. Jani bichi haliuziki mpaka likaushwe kwa moto ndani ya bani, na bani halishibi kuni. Ndivyo miyombo na mininga ya upande ule ilivyokwisha kwa shoka, na wanyama wakaondoka bila kuaga. Heri yetu ni kwamba miti ya miombo hukatwa shina lakini mizizi haifi: ukizuia moto, mifugo na shoka, kisiki hutoa machipukizi mengi, na baada ya miaka kadhaa unapata msitu wa miti myembamba, mirefu, yenye unene wa kifundo cha mkono. Ninamwomba msomaji aukumbuke unene huo, kwa sababu kuna mtu atakuja kuutegemea.

Mimi ni katibu wa kamati ya maliasili ya kijiji. Zilipoanza kuonekana dalili kwamba wanyama wanarudi, mradi mmoja ulituazima kamera za kufungwa mitini, ukatuletea na mtaalamu wa kutufundisha namna ya kuzitumia. Kamera hizo hushtuliwa na kitu chenye joto kinachosogea, kisha hupiga picha tatu mfululizo. Jua la mchana la Tabora, hata hivyo, hupasha majani joto, na upepo ukiyatikisa, kamera huamini kwamba simba amepita. Tulipofungua kadi ya kwanza tulikuta picha zisizohesabika za nyasi, picha za kutosha za ng'ombe ambao mwenye nao alikana hadharani kuwafahamu, na katikati ya hayo yote nsya mmoja, yule swala mdogo wa vichakani, aliyesimama usiku wa manane, macho yakiwaka. Kwa heshima ya nsya yule wajumbe walikunywa soda kwa fedha ya kamati, nami nikaandika gharama hiyo chini ya kichwa "uchunguzi".

Mtaalamu alikuwa kijana mpole, msomi, tena Mzaramo. Hilo la mwisho lilipojulikana, Mzee wetu wa nyayo, ambaye aliwinda katika pori hilohilo kabla ya kuligeukia kulilinda, alifurahi mno, kwa sababu Mzaramo na Mnyamwezi ni watani, na mtani humwambia mtani mwenzake lolote bila kuogopa baraza la usuluhishi. Tangu siku ile hatukuwahi kutembea hatua ishirini msituni bila mmoja kumwulizia mwenzake gharama za mazishi yake.

Asubuhi moja ya kipupwe, wakati baridi ilikuwa bado imekaa bondeni, Mzee alituonyesha shimo kubwa ubavuni mwa kichuguu. Mtaalamu nusura apige vigelegele. Lilikuwa shimo la mhanga, mnyama ambaye watu wengi hapa kwetu huzeeka bila kumwona, kwa kuwa hutoka usiku tu kutafuta mchwa na sisimizi kwa ule ulimi wake mrefu. Mtaalamu alitueleza, na kwa kweli alieleza vizuri, kwamba mhanga ni kama mwenye nyumba anayejenga kila mara na kuhama bila kudai kodi: mashimo anayoyaacha hukaliwa na nungunungu, chatu, fisi na ngiri, hivyo mhanga akirudi katika eneo, nafasi za makazi huongezeka kwa wengine wengi. Kisha akatoa fomu. Fomu ilidai upana wa mlango, kina cha shimo, na picha ya mtu aliyesimama mlangoni na kijiti cha kupimia, ili ukubwa wa shimo uonekane. Kwa kuwa mimi ndiye mrefu kuliko wote, na kwa kuwa katibu hana wa kumtuma, kijiti nilikabidhiwa mimi.

Mzee alikuwa ameinama akisoma mavumbi. "Mtani," akamwambia mtaalamu, "shimo hupimwa kwa kusimama nyuma yake, si mbele. Huyu aliyemo ameingia kinyumenyume."

Mtaalamu alidhani ni utani. "Babu, ninyi Wanyamwezi mlibeba pembe za ndovu kwa miguu kutoka huku mpaka Bagamoyo, leo mnaogopa shimo?"

"Waliofika Bagamoyo," akajibu Mzee, akisogea pembeni taratibu, "ni wale ambao hawakusimama mbele ya mashimo."

Nilikuwa bado nayapima maneno hayo, kijiti mkononi, miguu ikiwa imepanuka pande mbili za mlango kama fomu ilivyotaka, ndipo ardhi ilipokohoa. Ngiri hurudi shimoni kwa makalio ili pembe zake zibaki zikitazama mlango, na anapoamua kutoka habishi hodi. Nilichokiona ni vumbi. Nilichokisikia ni mkoromo. Na nilichokihisi ni kitu kipana, chenye manyoya magumu, kikipita katikati ya miguu yangu kwa mwendo ambao miguu yangu haikuwa imeshauriwa. Kwa hatua kadhaa nilisafiri nikiwa nimegeukia nilikotoka, mgongoni kwa ngiri jike, huku mkia wake ukiwa umesimama wima mbele ya pua yangu. Kisha yeye akakata kona, mimi nikaendelea moja kwa moja.

Huku nyuma mtaalamu alikuwa akitafuta mti. Pale palikuwa na mti mmoja tu mkubwa, mzee, wa aina ya mtundu, ulionusurika shoka kwa sababu ya mizinga ya magome iliyotundikwa juu yake, na ndio tulioufungia kamera. Mtaalamu aliukimbilia, akasikia nyuki, akageuka. Aliyebaki wa kumwokoa alikuwa ni chipukizi la muyombo, nalo alilipanda kwa ustadi usiotarajiwa kwa mtu wa pwani, akafika karibu na ncha. Hapo chipukizi, ambalo lilikuwa limehifadhiwa kwa mujibu wa sheria ndogo za kijiji lakini bado halijatimiza umri wa kubeba wasomi, likaanza kuinama polepole sana, kwa adabu, bila kuvunjika, mpaka likamweka mtaalamu chini akiwa ameketi, fomu bado iko mkononi.

Wenzangu walinijia wakaninyanyua nusu. Ninasema nusu kwa sababu waliponiketisha ili wanipanguse vumbi, waliniketisha njiani, na mama ngiri hutoka kwanza, watoto hufuata. Watoto walitoka mmoja mmoja, mikia juu, wakanikanyaga kwa zamu tumboni, wala hakuna hata mmoja aliyefikiria kupita pembeni. Mzee alikuwa amejishika kwenye shina la mtundu, akicheka bila sauti, machozi yakimtoka.

Kamera ilikuwa imepiga kila kitu, tatu tatu. Picha zilionyeshwa katika ofisi ya kijiji mbele ya watu wengi kuliko waliowahi kuhudhuria mkutano wowote wa maendeleo, na baadhi walidai zirudiwe kuanzia pale katibu alipoacha kugusa ardhi. Yule mwenye ng'ombe wasiojulikana aliuliza, kwa sauti ya mtu anayejali nidhamu, kama kupanda ngiri ndani ya hifadhi kuna faini.

Ubishi wa kweli uliibuka kwenye safu ya idadi. Mtaalamu alisema picha zinaonyesha watoto watatu. Nilisema ni wanne. Aliponiambia kwamba kumbukumbu hujengwa juu ya ushahidi, nilimjibu kwamba kamera haikukanyagwa. Tulivutana hadi Mzee akasimama, akakumbusha kwamba ngiri jike ana chuchu nne, kwa hiyo wanne si idadi ya kutungwa, na tena wa mwisho yeye mwenyewe alimwona akitua nyuma ya mgongo wangu, mahali ambapo kamera haikuweza kuona kwa sababu ya ukubwa wa katibu. Mtaalamu akafuta tatu, akaandika nne. Katika safu ya tabia aliandika "wakikimbia", na alipoulizwa na wajumbe kama neno hilo linamhusu na yeye, alisema fomu ni ya wanyamapori tu.

Kina cha shimo bado hakijajazwa. Mkutano uliazimia kwa kauli moja, nami nikaandika kwenye muhtasari, kwamba kipimo hicho kitachukuliwa na mtani kwa mkono wake mwenyewe, akiwa amesimama mbele.